Harusi Iliyokwama kwa Kuku

Nikiulizwa ninamshukuru nani kwa kazi hii ya picha, ambayo imenilisha na kunisomeshea watoto, watu hutarajia nimtaje mume wangu, kwa kuwa kamera ya kwanza ilikuwa yake. Nitamtaja, asinune. Lakini kabla yake yuko mwanamke mmoja wa Lugari, shangazi wa bibi harusi, ambaye mwanzoni nilimwona kama adhabu niliyoshushiwa kwa dhambi nisizozikumbuka.

Ilikuwa mwishomwisho wa miaka ya tisini. Tulikuwa na chumba kimoja mjini Kakamega, nyuma ya duka la vitambaa, kiasi kwamba mteja alipita katikati ya majora ya kitenge ndipo atufikie. Mume wangu alizunguka na kamera kwenye harusi, matanga na mapigano ya fahali. Mimi nilibaki chumbani kuunganisha alichokileta. Kwa muda mrefu tuliunganisha kwa deki mbili za video: hii inacheza, ile inarekodi, kidole kiko juu ya kitufe, na ukisinzia kidogo umemkata mchungaji kabla hajafika kwenye Amina. Kisha tukapata kompyuta. Ilikuwa imetumika Nairobi na kuchokwa huko, sanduku zito lenye rangi ya chai ya maziwa, na ndani yake kadi ya kuingizia picha pamoja na diski ambayo aliyetuuzia aliapa kwamba hatungeijaza hadi tuzeeke. Sikumjua mtu mwingine mjini aliyekuwa na mashine ya kazi hiyo. Kwa hiyo ikisumbua, sikuwa na wa kumuuliza. Nilikuwa na kitabu kinene cha maelezo na hasira zangu, na hasira zilikuwa karibu zaidi.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Picha zinaingia kutoka kwenye kanda, mimi nazikatakata na kuzipanga kwenye kioo, kisha naiamuru mashine ipike. Kupika ni neno letu sisi wawili. Mashine inachukua vipande vyote inavifanya kitu kimoja, faili moja ndefu, halafu unaicheza ile faili kuelekea kwenye deki, nayo deki inairekodi kwenye kanda mteja aende nayo kwake. Wakati wa kupika, ufito wa buluu ulitambaa kwenye kioo kutoka kushoto, juu yake zikipita picha zinazopikwa, na ukigusa kulia, chakula kimeiva. Kwa kazi ndogondogo tulizokuwa tumejaribu, siku zote uligusa.

Harusi ninayoisema ilikuwa ya kwanza kubwa kuingia kwenye kompyuta hiyo. Bwana harusi alikuwa wa hapa, kwao Shirere, na sherehe ilifanyika hapa. Bibi harusi alikuwa binti wa mkulima wa mahindi kule Lugari. Baba yake hakuwepo. Majuma machache kabla, mzee alianguka shambani, akapooza upande mmoja, na ulimi wake ukawa mzito. Safari ya gari ilikuwa haiwezekani. Ndugu walitaka kuahirisha, yeye akakataa katakata, akasema neno la mtoto halicheleweshwi kwa ajili ya mguu wa mzee. Ila aliomba jambo moja: kwamba yeye akishindwa kwenda harusini, basi harusi iletwe kwake.

Ndiyo sababu bibi harusi alipokuja kwetu hakuuliza habari za maua ya kuzunguka jina lake kwenye kioo, kama waulizavyo wenzake. Alisimama mlangoni na pete yake mpya, akaniuliza, "Mama, itakuwa tayari lini? Baba anaulizanga kila siku. Na sijui tuko na siku ngapi."

Nikamwambia, kwa maringo ya mwenye mashine, "Alhamisi uje na mfuko wa kubebea."

Nyuma yake alikuwa senje wake, dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Yeye ndiye angemsindikiza binti kurudi nyumbani kwao kwa mara ya kwanza tangu harusi, na kipande cha keki cha mzee kilikuwa tayari kimefungwa. Akatangaza kwamba hataondoka mjini bila kanda mkononi. Nilidhani ni maneno tu. Asubuhi iliyofuata nilimkuta ameketi kwenye benchi letu kabla sijafungua mlango.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Alishika ufagio siku ileile, akafagia hadi chini ya meza, akazing'oa nyaya zangu kwa ufagio, akaniuliza mbona ninaishi kama panya. "Mimi huwa sikalangi bure," aliniambia. Nikakunja uso wangu nikaurudisha kwenye kioo. Hakuona, au aliona akaamua si kitu.

Sasa ni lazima nieleze jambo la zawadi, maana hapo ndipo mambo yote yalipofungwa. Harusi zetu hazipimwi kwa gauni. Hupimwa kwa zawadi, na si kwa ukubwa wa zawadi, bali kwa namna inavyofika. Isukuti, ngoma zetu, zinapigwa, msema chochote anaita kwenye kipaza sauti, na kila ukoo, kila chama cha akina mama, kila jirani anacheza kutoka kule nyuma hadi mbele, na blanketi lake, na sufuria yake, na ndizi yake kichwani. Kanda ikishatoka, watu hukaa nayo kama mahakama. Hawamtazami bibi harusi. Kila mtu anajitafuta. Tuliwahi kurudishiwa kanda na mzee mmoja aliyesema, "Blanketi naliona. Mwenye blanketi ako wapi?" Tangu siku hiyo sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja: kata mahubiri ukipenda, kata safari ya magari yote, lakini zawadi usiguse.

Na katika zawadi zote za harusi ile, hakuna iliyopita ya senje. Alileta kuku mkubwa mwenye madoadoa, aliyemfuga mwenyewe, na akacheza naye kutoka mbali, amemwinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, mabega yakitetemeka kwa mdundo, umri wake wote ukiwa umebaki kwenye kiti. Alipofika mbele ya mume wangu alimteremsha kuku, naye kuku akapiga bawa moja la nguvu kwenye kamera. Picha ikayumba, ikaonyesha mawingu, ikarudi kwa senje akicheka mdomo wazi. Mimi na kiburi changu chote nilicheka peke yangu nilipoiona mara ya kwanza.

Hapo ndipo mashine ilipokwama. Nilipanga filamu nzima, nikaamuru ipike, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi ufito wa buluu ulikuwa umesimama katikati, na kijisanduku kilikuwa kimetokea kikisema kuna kosa, bila kusema ni kosa gani. Nikadhani stima imeyumba. Nikapika tena. Ikafika kwa kuku, ikafa. Nikaizima, nikaiwasha, nikaiambia maneno ambayo senje aliyasikia na kuyakohoa. Ikafika kwa kuku, ikafa.

Mume wangu alisema, "Ni lile bawa. Kanda imeumia pale." Maneno yake yalikuwa na akili, na ndiyo maana yalitupoteza. Kamera iligongwa, picha iliyumba, mashine inakwamia hapohapo. Ungehitaji ushahidi gani zaidi? Nikasafisha vichwa vya deki kwa pamba na spiriti. Nikaingiza upya kipande cha kuku. Nikapunguza mwanga wake, nikatoa sauti yake, nikairudisha sauti. Nikafuta kazi za wateja wengine kwenye diski ili mashine ipate nafasi, ingawa nafasi ilikuwepo tele. Nikasoma kitabu kinene hadi macho yakauma. Kila mara ufito ulitambaa kwa adabu, ukafika pale ambapo senje anamteremsha kuku, ukasimama.

Alhamisi ikafika, bibi harusi akaja na mfuko wake. Sikuwa na la kuweka ndani. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alikunja mfuko mara mbili, akauweka kwapani, akasema atapita kesho. Kuanzia hapo nilishindwa hata kula vizuri, kwa sababu hii haikuwa tena kazi ya mteja. Mtu alikuwa kitandani Lugari akinisubiri mimi.

Kila aliyepita dukani alitaka kuona mahali penyewe. Muuza vitambaa aliacha mkasi wake akaja kutazama. "Hii mashine inachaguanga watu?" akauliza huku akicheka. "Wengine wote wamepita, senje pekee anakataliwa?" Tukacheka sisi sote, chumba kizima, na ilinichukua muda kuona kwamba senje hakucheka. Alikuwa amegeuka kuelekea ukutani, akikunja leso yake na kuikunjua.

Siku iliyofuata utingo wa basi la Lugari alileta ujumbe kutoka nyumbani kwao. Alisimama kati ya vitenge na kuusema kama alivyotumwa: mzee amekataa uji tangu jana, na anauliza kama harusi imefika.

Utingo akaenda zake. Senje akaiweka leso yake magotini. Kisha akaniita kwa jina alilonipa yeye mwenyewe.

"Mama wa picha. Toa mimi."

Sikumwelewa. Nikamuuliza nimtoe wapi.

"Mimi na ile kuku. Toa sisi wote, hii kitu iende. Ndugu yangu aone mtoto wake."

Nikamwambia, mama, watu watatafuta. Watasema shangazi alikuja mikono mitupu. Nyumba yote ya bwana harusi itasema hivyo, na kanda itazunguka miaka.

"Waseme. Mimi najua nilicheza. Mungu aliona. Huyo mwenye hajaona kitu ni ndugu yangu."

Nilimtazama yule mwanamke niliyekuwa nikimnunia juu ya ufagio, ambaye alikuwa amemsimulia kila mpita njia jinsi alivyocheza na jinsi kuku alivyompiga mpiga picha, na nilijua anachokitoa. Katika watu wetu, kufutwa kwenye zawadi si jambo la kichekesho. Nikageukia kioo na kufanya alivyosema. Nikakata mwanzo wa mchezo wake, nikakata mwisho, nikavuta akina mama wa kanisa na sufuria zao wakaziba pengo. Nikaamuru mashine ipike, na sote wawili tukakaa mbele yake, safari hii bila chai.

Ufito ukafika mahali pa kuku. Ukapita! Senje akanishika mkono kwa nguvu nikahisi mifupa. Akina mama wa kanisa wakaja wakicheza, sufuria ya kwanza, sufuria ya pili, kofia ya zambarau, na hapo, katikati ya kofia ya zambarau, mashine ikafa.

Nilipiga meza kwa kiganja. Nilikuwa nimefungua kinywa kuitukana ile mashine ukoo wake wote, ndipo macho yangu yalipoangukia saa ndogo iliyokuwa pembeni mwa kioo, ile inayohesabu filamu imefika dakika gani na sekunde gani tangu mwanzo. Niliijua ile hesabu. Nilikuwa nimeichukia siku hizo zote. Ilikuwa ileile, haijaongezeka hata sekunde. Senje alikuwa ameondoka, watu wengine wamesogea mahali pake, na mashine imekufa palepale, kwa wengine.

Nikafungua diski kutazama mabaki, maana kila ilipokufa iliacha nyuma faili ambayo haijakamilika. Nayaona sasa hivi nikiyakumbuka: yote yalikuwa na ukubwa mmoja. Haikuwa bawa, wala kanda, wala kuku. Programu yetu haikuweza kuandika faili kubwa kupita kiasi fulani, diski iwe na nafasi ya shamba zima. Sufuria yake ilikuwa na kimo, nami nilikuwa nikimimina juu ya ukingo na kumlaumu aliyekuwa amesimama pale inapofurika. Kazi zetu ndogo hazikuwahi kuijaza, ndiyo maana hatukujua.

Nilimgeukia senje nikamweleza kwa maneno mepesi kadiri nilivyoweza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwa hivyo haikuwa mimi?"

"Haikuwa wewe, mama. Hata kidogo."

Akajifunika uso kwa leso, akalia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku zote zile, akifagia na kunifokea, alikuwa amebeba wazo kwamba ni yeye aliyesimama mbele ya macho ya ndugu yake, akimzibia harusi. Na ni yeye aliyetufungua, kwani kama hangekubali kutolewa, ningeendelea kumuuguza yule kuku hadi mzee azikwe. Nilimkumbatia. Mimi si mtu wa kukumbatia wateja, waulize wanaonijua.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kumrudisha senje na kuku wake mahali pao kwenye filamu, na bawa na mawingu. Kisha nikaigawa harusi vipande, kila kimoja kidogo kuliko kimo cha sufuria, nikakipika peke yake. Ufito ukagusa kulia, ukagusa tena, na tena. Kilichobaki ni kuvicheza kimoja baada ya kingine kuelekea kwenye deki. Hapo nikapata aibu nyingine. Nikiisimamisha deki kati ya kipande na kipande, picha ilijikunja vibaya na sauti ikalia kama paka. Nilijaribu hila zote nilizozijua. Mwishowe nikaiacha irekodi tu bila kusimama, huku mimi nikitafuta kipande kinachofuata, na matokeo yake kati ya vipande kukawa na weusi mtupu, kimya, muda wa kutosha mtu kujiuliza kama stima imepotea. Mume wangu akasema ni kazi ya ovyo. Nilijua. Lakini gari lilikuwa linangoja nje, na keki ilikuwa inazeeka.

Tulikwenda wote, kwa kuwa kule hakukuwa na stima na mtu alihitajika wa kuunganisha vyombo. Tulipakia televisheni yetu na deki kwenye pikapu, na kanisa la pale likatuazima jenereta, tukaifunga nyuma ya jiko. Ilikuwa mchana mweupe. Mzee alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha mbao, mito pande zote, blanketi magotini, uso wake umeegemea upande mmoja. Binti yake alikaa karibu naye, mkono wake juu ya ule mkono uliokufa. Senje alisimama nyuma ya kiti. Mlango uliachwa wazi kwa ajili ya majirani, na jua likaingia hadi miguuni pao.

Mzee huyo hakuuona mwaka uliofuata. Nalisema sasa ili nisilazimike kulisema baadaye.

Alimtazama binti yake akishuka kwenye gari, akiingia kanisani, akisimama mbele ya mchungaji. Machozi yalimtoka kwa jicho moja tu, na binti akayapangusa bila kuondoa macho kwenye kioo. Nami nilikuwa naona kitu kimoja tu, kwamba kipande cha kwanza kinakaribia mwisho. Kikaisha. Weusi ukaja. Nikaruka kutoka nilipokuwa nimechuchumaa, nikaanza kuomba radhi, "Mzee, samahani, haijaisha, ni kasoro yangu, itarudi sasa hivi," na yeye akainua mkono wake mzima kuninyamazisha.

Alikuwa anatazama kioo. Nikatazama na mimi. Jua la mlangoni lilikuwa limewamulika, na kwenye kile kioo cheusi walionekana wote, wazi kabisa: mzee kwenye kiti chake, binti yake ubavuni pake na leso yake mpya, dada yake nyuma yao amesimama wima. Walikuwamo humohumo mlimokuwa na harusi dakika moja iliyopita. Mzee akasema kitu. Ulimi wake haukumtii, binti akainama sikio likagusa midomo yake, kisha akatuambia.

"Anasema, hata mimi niko."

Isukuti zikalia, picha ikarudi. Aliangalia zawadi zote, alicheka kwa pumzi kuku alipopiga bawa, akala kipande cha keki kutoka vidoleni mwa binti yake, na nyuma yake senje akacheza palepale aliposimama. Kanda ilipoisha nikamuuliza kama angependa nimrudishie kidogo, mahali popote anapopenda, kanisani au kwenye kiapo au kwa dada yake. Alinielekezea kwa kidole, nami nikarudisha nyuma, nikisimamisha na kumtazama, na kila mahali alitikisa kichwa kukataa, hadi tulipofika kwenye weusi.